Brashi ya Mkono au Brashi ya Hewa: Namna ya Kuamua Kabla ya Kuipaka Modeli Rangi

Kila anayeanza kuunga modeli za plastiki, yaani zile ndege, magari na meli ndogo zinazotoka kiwandani zikiwa vipande vipande kwenye fremu, hufika mahali akasimama mbele ya swali moja: rangi aipake kwa brashi ya mkono, au atafute brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kama ukungu kwa nguvu ya kompresa? Swali hili mara nyingi hujibiwa kana kwamba ni Simba na Yanga, kwamba ukiwa huku huwezi kuwa kule. Kwa maoni yangu, kinachochaguliwa si chombo cha kutumia maisha yote, bali ni chombo cha uso mmoja wa modeli moja, katika chumba ulicho nacho, siku hiyo. Anayeuliza hivyo hupata jibu mapema, na mara nyingi hugundua kwamba hahitaji kununua kitu chochote kipya.

Nitatumia mifano miwili iliyopo mezani kwangu hapa Arusha. Wa kwanza ni ndege ya abiria ya Super VC10 yenye rangi za East African Airways, shirika la ndege la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania lililovunjika mwaka 1977. Iko katika skeli ya 1/144, yaani ni ndogo mara 144 kuliko ndege halisi. Wa pili ni Land Rover ya inchi 109 (huo ni umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) katika skeli ya 1/24, ambayo nataka ifanane na magari ya zamani ya kupeleka wageni mbugani. Modeli hizi mbili zinahitaji kazi mbili tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: usome uso kabla ya kufungua kopo

Shika modeli, au hata vipande vyake vikiwa bado kwenye fremu, kisha uvigeuze taratibu chini ya taa. Tafuta mambo matatu: ukubwa wa eneo litakalokuwa na rangi moja bila kukatizwa, kama rangi ya mwisho itang'aa au haitang'aa, na kama mpaka kati ya rangi mbili ni mkali au unayeyuka polepole.

Ndege halisi ya Super VC10 ilikuwa na urefu wa zaidi kidogo ya mita 52, hivyo modeli yake katika 1/144 ina sentimita 36 hivi. Sehemu ya juu ya kiwiliwili chake ni nyeupe, inang'aa, na ni laini kama yai kutoka puani hadi karibu na mkia. Hapo hakuna mlango mkubwa, bawaba wala mkunjo wa kuficha kosa. Nyeupe nayo, kama zilivyo njano na nyekundu, ni rangi dhaifu katika kufunika. Ukiipaka kwa mkono utahitaji tabaka nne au tano, na kila tabaka huacha mifereji midogo ya nywele za brashi ambayo mng'ao wa mwisho utaianika yote. Uso wa namna hii unaiomba brashi ya hewa waziwazi.

Kuna hesabu ndogo inayoeleza kwa nini jambo hili lina uzito zaidi katika skeli ndogo. Tuseme tabaka zako zimefikia unene wa sehemu tano za mia za milimita, yaani milimita 0.05. Kwenye modeli ya 1/24, unene huo ni sawa na milimita 1.2 kwenye gari halisi. Kwenye 1/72 ni sawa na milimita 3.6, na kwenye 1/144 ni milimita 7.2, yaani ndege iliyopakwa rangi yenye unene wa kidole cha mtoto. Jicho halifanyi hesabu hii, lakini huiona: mistari ya mabati hujaa, kingo hulegea, na modeli huonekana kama kitu kilichochovywa.

Sasa ilinganishe na Land Rover. Mwili wake umekatwakatwa na milango, bawaba, vishikio, mistari ya ribiti na gurudumu la akiba juu ya boneti. Rangi yake ya kijani kibichi iliyopauka haing'ai, na baada ya miaka kwenye barabara za vumbi haipaswi kuwa sawasawa. Mlango wake hauzidi upana wa vidole vitatu. Gari hili linaweza kupakwa lote kwa mkono, na kwa maoni yangu litapendeza zaidi hivyo, kwa sababu tofauti ndogo ndogo za tabaka za mkono huupa uso ule uhai wa chuma kilichozeeka.

Kwa ufupi wa mezani: maeneo mapana yanayong'aa, rangi ya fedha, rangi dhaifu, na mabaka ya kijeshi yenye kingo zinazoyeyuka ni kazi ya hewa. Watu wadogo, viti, dashibodi, matairi, zana, na ndege ndogo zisizong'aa ni kazi ya mkono. Hata mwenye kompresa bora kuliko zote hapulizi macho ya dereva.

Hatua ya pili: upime mahali unapofanyia kazi

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa husoma mwongozo ulioandikwa na mtu mwenye chumba cha chini ya nyumba huko Uingereza au Marekani. Chumba chako kina mambo yake, nayo yana sauti katika uamuzi huu.

Jambo la kwanza ni hewa ya kuvuta. Brashi ya hewa hupasua rangi kuwa chembe ndogo sana, na chembe hizo huelea. Hata kama chupa inasema rangi ni ya maji, pafu lako halikuumbwa kupokea plastiki iliyokauka. Kama unalala, unapika na kuunga modeli katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na kuna mtoto ndani, basi jibu ni brashi ya mkono hadi utakapopata baraza au chumba kingine. Ukipuliza, vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, ile wanayovaa mafundi rangi makini kwenye gereji. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, yaani kiyeyusho cha rangi. Jiko la mkaa au la gesi lisiwe linawaka karibu, kwa kuwa mvuke huo hushika moto.

Jambo la pili ni vumbi. Kuanzia Julai hadi mvua za vuli zinapofika, vumbi la Arusha huingia hata pale ulipoziba. Rangi inayong'aa iliyopulizwa hubaki mbichi kwa muda, na kila chembe inayotua hapo hubaki. Mimi hupiga deki sakafuni, huacha dakika 15 zipite, halafu ndipo hupuliza. Kisha nafunika modeli kwa beseni safi la plastiki lililoinuliwa upande mmoja kwa kijiti ili mvuke utoke. Usifungue feni.

Wanaoishi Moshi wana tatizo lao. Mji ule uko chini kuliko Arusha kwa mamia ya mita na una joto zaidi, hasa Januari na Februari. Mchana wa joto kali, rangi ya akriliki hukauka kwenye ncha ya sindano iliyo ndani ya brashi ya hewa kabla haijatoka, na hata ikitoka, hukauka hewani na kutua kama unga. Kwa mkono pia brashi huanza kuburuta katikati ya mlango. Dawa ni kufanya kazi alfajiri au usiku, na kuongeza matone machache ya kichelewesha rangi kinachouzwa na watengenezaji wa rangi hizi. Wakati wa masika tatizo hugeuka: hewa ina unyevu, kompresa huubana, na maji hujikusanya kwenye mpira wa hewa. Kompresa isiyo na kichujio cha maji itatema tone moja katikati ya bawa jeupe, na tone moja linatosha.

Jambo la tatu ni umeme na kelele. Kompresa yenye tangi ni bora kuliko isiyo nalo, kwa sababu tangi huzuia mapigo ya pampu yasifike kwenye rangi, na pia huhifadhi hewa. Tangi la lita 24 lililojazwa hadi bar 8 lina takriban lita 150 za hewa unazoweza kutumia kabla halijashuka hadi bar 1.5, nazo hutosha kumaliza tabaka uliyoianza umeme ukikatika. Kompresa ndogo za gereji huweza kutumika vizuri ili mradi ziwekewe regyuleta ya kudhibiti shinikizo, geji ya kulipima na kichujio cha maji, lakini ngurumo yake saa nne usiku si jambo la kumfanyia jirani. Zamani wapo waliopuliza kwa hewa ya tairi la akiba lililofungwa adapta. Njia hiyo hufanya kazi, ila shinikizo hushuka kadiri unavyopuliza, na mkono haupati nafasi ya kujifunza jambo moja likiwa limetulia.

Hatua ya tatu: uijue rangi uliyo nayo

Usichague chombo huku rangi ikikataa. Rangi za Vallejo Model Color ni za maji, ni nzito, na zimetengenezwa kwa brashi ya mkono. Ndugu zao za Model Air zimekwisha kuyeyushwa kwa ajili ya kupuliza. Rangi za akriliki za Tamiya hupulizwa vizuri mno, lakini kwa mkono zinasumbua, kwa maana hukauka haraka na tabaka la pili huyeyusha na kung'oa la kwanza. Rangi za mafuta za Humbrol, zile za vikopo vidogo vya mililita 14, hukubali njia zote mbili. Hukauka polepole, na kwa sababu hiyo hujisawazisha zenyewe baada ya brashi kupita. Sifa hiyo unaweza kuiona kwenye duka lolote la picha za Tingatinga hapa mjini: rangi zile za mafuta zimepakwa kwa mkono tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, na bado uso wake hung'aa kama kioo.

Kuhusu kiyeyusho, nina la kusema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliishiwa na thina ya modeli, nikanunua ya rangi za magari kwenye duka moja la vifaa, ambako nilihakikishiwa kwamba thina ni thina. Niliichanganya, nikapuliza tabaka nzito juu ya bawa ambalo halikuwa na praima, yaani rangi ya msingi. Baada ya dakika mbili uso uliingia mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na nilipougusa kwa ukucha, plastiki yenyewe ilikuwa imelainika. Mistari yote ya bawa ilipotea, na hakukuwa na msasa wa kuirudisha. Plastiki ya modeli ni polistirini, nayo haistahimili vimumunyisho vikali. Asetoni huiyeyusha kabisa. Rangi ya maji iyeyushe kwa maji au kwa kiyeyusho cha kampuni yake, rangi za mafuta kwa tapentaini au kiyeyusho chake, na kimiminika chochote usichokijua kijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu kilichobaki.

Hatua ya nne: jaribu kwenye vijiko

Chukua vijiko viwili vya plastiki vya kutupwa. Vioshe kwa sabuni, vikaushe, vipake praima ya kijivu. Kimoja kipake kwa mkono, kingine kipulize kama unaweza kuazima chombo. Mafundi wanaochora kwenye bodaboda na daladala wakati mwingine wanacho, na wengi wao hawamnyimi mtu dakika kumi. Siku ya pili vishike vyote viwili dirishani, uvigeuze mwanga ukiteleza juu ya mgongo wa kijiko. Mgongo huo una umbo la kiwiliwili cha ndege, hivyo utakuonyesha bila huruma kile ambacho modeli itakuonyesha baadaye. Ikiwa kijiko cha mkono kinakuridhisha, hifadhi fedha zako. Brashi tatu nzuri, yaani bapa moja ya milimita 6 hadi 10, ya mviringo namba 2 na nyingine namba 0, zinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa.

Hatua ya tano: ukiamua mkono

Osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, kisha paka praima. Usichovye brashi kwenye chupa. Weka matone ya rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa juu ya sponji yenye maji ndani ya kisahani. Unyevu utapanda polepole na rangi itabaki hai kwa saa nzima hata mchana wa kiangazi. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka rangi iteleze bila kuacha kilima pembeni.

Chovya theluthi moja tu ya nywele, futa upande mmoja kwenye karatasi, kisha anza kwenye mlango wa Land Rover. Weka brashi katikati ya eneo, si ukingoni, maana ukianzia ukingoni rangi yote itajaa kwenye kona. Ivute kuelekea upande mmoja kwa uzito wa brashi peke yake, kisha upande wa pili. Mpigo unaofuata ulalie kidogo ule uliotangulia ungali mbichi. Unapofika mwisho wa mlango, simama. Utaona sehemu moja imepita nyembamba na praima inachungulia. Mkono utataka kurudi. Usirudi. Rangi iliyoanza kukauka ikiguswa huvutika na kuwa kama kamasi, na alama hiyo haiondoki. Pengo hilo litazibwa na tabaka la pili, ambalo utalipaka lile la kwanza likiwa limekauka kabisa, na safari hii mipigo ikikata ile ya awali kwa pembe ya msalaba. Tabaka la kwanza litakuwa baya. La tatu litakufurahisha.

Hatua ya sita: ukiamua hewa

Kama unanunua, nunua yenye vitendo viwili, ambayo kitufe chake hubonyezwa kutoa hewa na kuvutwa nyuma kutoa rangi, yenye kikombe juu na nozeli ya milimita 0.3. Nozeli ya 0.2 huvutia macho, lakini huziba haraka na humkatisha tamaa anayejifunza.

Yeyusha rangi hadi ifanane na maziwa. Ukiipandisha kwenye ukuta wa kikombe iteleze na kuacha utando mwembamba. Kwa Tamiya, sehemu moja ya rangi kwa moja ya kiyeyusho ni mwanzo mzuri. Weka shinikizo kati ya bar 1 na 1.5. Jifunze utaratibu huu hadi kidole kiujue chenyewe: hewa kwanza, halafu rangi, na unapomaliza, funga rangi kwanza, hewa iendelee kidogo. Anayefunga vyote kwa pamoja huacha tone kwenye ncha, na tone hilo hutua kwenye modeli mpigo unaofuata.

Shika umbali wa sentimita 10 hadi 15, anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake kwa mwendo mmoja, malizia nje upande wa pili. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, praima ikionekana chini yake. Uso ukitoka wenye chenga kama msasa, rangi imekauka njiani: sogea karibu, punguza shinikizo au ongeza kiyeyusho. Rangi ikitawanyika kama miguu ya buibui, umefanya kinyume: rangi ni nyepesi mno, uko karibu mno, au hewa ni nyingi.

Kisha kuna usafi, ambao mwenye kuuza hautaji. Kila unapobadili rangi, mwaga kilichobaki, puliza kiyeyusho hadi kitoke safi, ziba ncha kwa kitambaa na ubonyeze hewa kidogo ili irudi nyuma na kububujika kikombeni, halafu mwaga tena. Mwisho wa kazi chomoa sindano uifute kuanzia nyuma kuelekea nchani, kamwe si kinyume chake, kwa maana ncha ikipinda kidogo rangi itatoka kwa kukohoa. Dakika kumi za kupuliza zinaweza kudai robo saa ya kusafisha. Mtu anayepata saa moja tu jioni baada ya kazi aiweke hesabu hii katika uamuzi wake, kwani kwa kipande kidogo cha rangi moja, brashi ya mkono itakuwa imekwisha kuoshwa na kukauka wakati huo.

Hatua ya saba: upange zamu za vyombo viwili

Modeli nyingi zitaishia kupita mikono yote miwili, na kinachobaki ni mpangilio. Kilicho kipana hutangulia, kilicho kidogo hufuata. Kwenye VC10 ninapuliza nyeupe kwanza na kuiacha ikauke siku mbili, ninafunika kwa tepu ya karatasi iliyopunguzwa ukali wa gundi kwa kubandikwa mara mbili tatu kwenye kiganja, ninapuliza kijivu na fedha ya chini na ya mabawa, na naibandua tepu kwa kuikunja juu yake yenyewe, polepole. Baada ya hapo kompresa huzimwa. Matairi, miguu ya magurudumu na midomo ya injini nne za mkiani hupakwa kwa brashi namba 0, kisha stika za maji, zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa, hulazwa na vanishi hupulizwa juu yake.

Kwenye Land Rover ni kinyume karibu chote. Mwili, viti, usukani na makopo ya mafuta ya akiba yote ni mkono. Hewa nitaitumia mara moja tu, mwishoni, kwa rangi ya udongo iliyoyeyushwa sana, sehemu moja kwa nane au tisa za kiyeyusho, nikiipuliza chini ya milango na nyuma ya magurudumu pale vumbi linapoganda kwenye magari yanayorudi kutoka Serengeti. Asiye na hewa achukue chaki laini ya rangi ya udongo, aisugue kwenye msasa ipate unga, na auweke unga huo sehemu hizo hizo kwa brashi kavu iliyozeeka.